Jina Lililochelewa

Siku ya ishirini na moja mtoto alikuwa bado anaitwa "huyu". Huyu kaamka. Huyu kajinyea. Mpeni mama yake amnyonyeshe huyu. Kaka zake wawili, ambao midomo yao haijui kufungwa, walishaanza kumwita Huyu kana kwamba ndilo jina lenyewe, na Toakase, mama mtu, kila alipolisikia neno hilo alihisi moyo unakwanguliwa kwa kisu butu.

Hakukalika. Wanawake wa kijiji cha Kolonga wana desturi ya kumlaza mzazi kwenye mikeka, wakamkanda kwa mafuta ya nazi na kumnywesha mchuzi wa samaki mpaka mwenyewe aombe msamaha. Toakase walimlaza, akaamka. Alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja upya. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikwenda hadi barabarani kulitazama gari ambalo alijua halifiki kabla ya alasiri, akarudi, akaenda tena.

"We Toakase, umekalia sisimizi?" Siutiti akamwuliza. Siutiti alikuwa jirani, nyumba ya pili, na wakati huo alikuwa barazani kwake akichana majani ya mkadi ya kusukia mkeka.

"Wifi yangu anafika leo."

"Basi kata tamaa mapema, upumzike. Nasikia kanunua gari huko ng'ambo, mjini Okalani. Mtoto ataitwa Gari."

"Siutiti!"

"Nini? Nimesema uongo? Ulizaa wa kwanza, yeye kapanda ndege kwenda matembezi, mtoto kaitwa Vakapuna. Ndege! Mtoto wa watu anaitwa ndege! Ukazaa wa pili, yeye kapata nyumba Okalani, mtoto kaitwa Okalani. Mwanamke huyo hachagui majina, anatangaza habari."

Toakase alicheka, maana mdomo wa Siutiti ungemchekesha hata mfiwa, lakini kicheko hakikufika mbali. Akarudi ndani kukunja nguo.

Kwa Watonga wa visiwani mtoto hubebwa na mama na kulishwa na baba, lakini jina ni mali ya shangazi. Dada mkubwa wa baba ndiye atakayesema mtoto ni nani, na akishasema, imekwisha. Luseane, dada wa Kepueli mume wa Toakase, alisema hivyo kwa wavulana wawili kupitia simu, na Toakase aliitikia "asante, wifi" mara zote mbili, akaenda zake kununa chooni. Kununa si kosa. Kosa lake lilikuwa jingine, na alikuwa analo peke yake.

Miezi mitano kabla ya kujifungua alivuka bahari kwenda Ha'apai kumwuguza mama yake, Ilaisaane. Mama alikuwa amebaki macho na mifupa. Siku moja asubuhi akaushika mkono wa bintiye, akauweka juu ya tumbo la bintiye mwenyewe, akasema, "Akiwa wa kike?" Hakuongeza neno. Toakase akajibu, "Atakuwa wewe, mama. Ataitwa Ilaisaane." Yule mama akacheka, kicheko cha kweli chenye sauti, na siku mbili baadaye akafa bado uso wake una kitu cha kicheko kile. Mzee Fatai, mumewe, hakuwa na kingine cha kujifariji, kwa hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu wa kisiwa kizima kwamba Ilaisaane anarudi.

Toakase aliahidi kisichokuwa chake. Alijua wakati ule ule anaahidi, na kama angeulizwa tena angeahidi tena.

Aliporudi Kolonga alimwomba mumewe amsaidie. Alimwomba mara tatu.

"Kepueli, mwambie dada yako."

"Nimwambie nini? Mimi na Luseane hatujakaa chumba kimoja tangu nina miaka kumi. Akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Leo nikamwambie amwite mtoto nani?"

"Si kumwamrisha. Ni ombi tu."

"Kwa dada, ombi la namna hiyo ni tusi lililooga." Akavaa kofia yake, akaenda shambani kwenye viazi vikuu, ambako hakuna mtu wa kumwomba kitu. Na tusimlaumu sana. Kwao kaka anayemheshimu dada yake hakai naye chumba kimoja, wala hamkaribii na mambo ya uzazi, na Kepueli alilelewa vizuri, hata kama malezi mazuri siku nyingine humwacha mke peke yake na mzigo.

Kupiga simu mwenyewe Toakase aliogopa. Kila siku alisema kesho, na kesho ikasema kesho, mpaka uchungu ukamshika. Alipojifungua, kabla hata jasho halijakauka, muuguzi akamletea fomu yenye nafasi ya jina la kwanza na nafasi ya jina la pili. "Jina la mtoto?" Wanawake wenzake wodini walisema "bado" na kuacha wazi, kama ilivyo ada. Toakase alifungua mdomo aseme "bado", na kilichotoka ni "Ilaisaane". Muuguzi akaandika. Karatasi ikaenda. Siku ile ile Luseane akapiga simu, sauti yake ikajaa chumba: "Nimesikia ni msichana! Safari hii nakuja mwenyewe. Mtu asimwite kitu!"

Ndiyo maana ya "huyu". Ndiyo maana ya sisimizi.

*

Luseane alishuka garini alasiri na maboksi saba. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, na kabla hajavua viatu alishawauliza watoto wameoga lini. Mlango wa nyuma ukalia. Kepueli alikuwa ametoka. Luseane akaketi kwenye mkeka mzuri, akanyoosha mikono, wakamwekea mtoto.

Hapo sauti ikamwisha. Alimtazama mtoto muda mrefu, akamfunua vidole, akavihesabu vya mikono na vya miguu. Toakase alisimama, akakaa, akasimama.

"Ana masikio ya kwetu," Luseane akasema hatimaye. Kisha bila kuinua macho: "Kuna mtu kamwita jina?"

"Nani amwite, wifi? Tunakusubiri wewe."

Uongo ulitoka laini hata yeye mwenyewe akashangaa. Luseane akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ubatizo ulikuwa Jumapili, keshokutwa yake. "Jina ninalo," akasema. "Mtalisikia kanisani."

Usiku ule Toakase hakulala, na asubuhi ya Jumamosi alikuwa wa kwanza jikoni. Wanawake walikuja kusaidia. Wengine walikuwa wakifunga nyama na tui la nazi ndani ya majani ya majimbi, wengine wakimenya viazi vikuu, wanaume nje wakipanga mawe ya shimo la kuchomea. Alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama yai. Siutiti akamnyang'anya kisu.

Saa nne mzee Fatai akaingia uani kutoka bandarini. Alikuja na nguruwe mdogo kamba mkononi na mkeka umeviringishwa begani, viatu amevipiga rangi mpaka vinang'aa. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja barazani alipokaa Luseane na mtoto, akapiga magoti, akamchukua mtoto mikononi mwake.

"Ilaisaane," akasema. "Ilaisaane wangu. Umerudi." Akalia mbele za watu wote, mzee wa miaka sabini na mbili, machozi yakimdondokea mtoto usoni.

Mikono yote ikasimama juu ya majani. Toakase akamtazama wifi yake.

"Mzee bahari imemchosha," Luseane akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mpeni dafu. Hebu msaidieni na huyo nguruwe. Toakase, njoo ndani tukunje shuka."

*

Hapakuwa na shuka. Luseane alikaa juu ya kitanda, Toakase akakaa chini kwenye mkeka, chini yake, kama ipasavyo.

"Jina lile mzee kalitoa wapi?"

Toakase akaeleza: mama, mkono, tumbo, kicheko.

"Na hospitali uliandika nini?"

Toakase akanyoosha ukingo wa mkeka.

"Toakase."

"Ilaisaane."

"Kwa hiyo jana, uliponiambia mnanisubiri mimi..."

"Nilikudanganya, wifi."

Luseane akavuta pumzi kwa pua. "Miezi mitano ulikuwa na simu. Simu ya nani? Niliyokununulia mimi."

"Mama alikuwa anakufa!" Hapo hofu ilimwisha, ikabaki hasira, na hasira ilikuwa nafuu. "Ningemwambia nini? Mama, ngoja usife kwanza, nimpigie wifi yangu?"

"Ndiyo! Ungenipigia! Mimi usiku nipo macho, nawageuza vitandani wazee wa watu wasipate vidonda. Ungenipigia saa yoyote, ukasema wifi, mama anakufa, analitaka jina. Ningesema chukua. Neno moja tu, chukua. Unanionaje mimi, jiwe? Lakini hukuniomba. Uliniibia. Na cha wizi, Toakase, mtu hawezi kukitoa zawadi tena."

"Siku ishirini na mbili mwanangu anaitwa huyu! Unajua kumnyonyesha mtoto usiyeweza kumwita? Hujui. Utajuaje, hujazaa!"

Likatoka. Mdomo huponza kichwa, na wa Toakase ulikuwa umekiponza mbele ya mtu asiyeachia neno lipite bure. Alitamani alimeze tena. Nje mtu aliangusha sufuria na watu wakacheka.

"Nani kakwambia sijazaa?" Luseane akauliza.

Hakupandisha sauti. Ndiyo kwanza Toakase akaisikia sauti yake ndogo.

"Nilizaa Okalani. Miaka ishirini sasa, mume bado hajanikimbia. Msichana. Muuguzi akaniletea fomu, jina la kwanza, jina la pili. Nikamwambia bado, shangazi yake hajasema. Wifi yangu alikuwa Niuatoputapu, tufani imeangusha simu ya kisiwa kizima. Mume wangu akasema tuandike chochote, mtoto hali yake si nzuri. Nikamkatalia. Mimi! Nikamwambia kwetu tuna adabu. Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu. Nilimbeba siku mbili, namwita mama, namwita kipenzi, namwita huyu. Unaniambia mimi habari za huyu? Siku ya pili jioni akafa. Siku ya tatu simu ikalia. Wifi yangu, mstari umepona, anacheka kwa furaha. Anasema ataitwa Latai."

Toakase alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Subira yavuta heri, ndivyo mnavyosema. Yangu ilivuta jeneza la urefu wa mkono wangu. Juu yake wakaandika Binti, na jina la baba yake. Sasa sikia. Najua mnavyonicheka kwa Vakapuna na Okalani. Siutiti ana mdomo kama tarumbeta, mpaka ng'ambo anasikika. Wavulana niliwapa majina yaliyokuwa karibu. Hili nililiweka. Nilikuwa namsubiri kaka yangu apate msichana."

"Wifi, kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Kwa Kepueli anayekimbia akisikia viatu vyangu? Wewe uliniuliza lini? Mnaniita mnapotaka jina na mnapotaka simu." Akajifuta uso kwa kiganja, upesi, kama mtu anayefuta jasho. "Hili jina halikai nyuma ya jina la mtu. Lilishakaa nyuma ya mtoto wake siku moja, ikatosha. Wewe kwa hiari yako ulishamwita mwanao. Mimi sina la kusema."

"Nisamehe, wifi."

"Kesho utasikia. Nenda ukamenye viazi."

Hakumenya. Alimtafuta baba yake, akamkuta chini ya paa la nyuma akimlisha mtoto hadithi za samaki. Akamwambia kweli yote, kwamba lile jina aliloahidi halikuwa lake kuahidi, na kesho linaweza kusemwa jingine.

Mzee akamfunika mtoto vizuri. "Mama yako alikufa akicheka kwa ajili ya neno lako."

"Najua, baba."

"Na neno lenyewe lilikuwa la mwenzio."

"La mwenzangu."

"Wewe mtoto una moyo mzuri na huna akili," mzee akasema, akamrudishia mtoto. "Kesho nitafunga mkeka wangu wa heshima kiunoni nikasikilize kama watu wengine."

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko ile miezi mitano. Akitaja moyoni jina la mama yake, alimwona Luseane amebeba mtoto wa siku mbili. Akitaja Latai, alimsikia mama yake akicheka. Alizunguka nyumba mpaka Siutiti akamwambia atatoboa ardhi. Alilitaka hili na lile, na alijua hana haki ya kutaka hata moja.

*

Jumapili kengele zililia, kijiji kikaenda kanisani na mikeka viunoni. Luseane ndiye aliyembeba mtoto. Ndiyo haki yake. Kepueli alikaa upande wa pili kabisa wa kanisa, mbali na dada yake. Mzee Fatai alikaa benchi la mbele, ameshika magoti. Kwaya iliimba kwa nguvu za kuinua paa, na Toakase hakusikia hata ubeti mmoja.

Mchungaji akaja kwenye bakuli la maji na kitabu chake na kalamu. "Mtoto huyu aitwe nani?"

Luseane akasogea. "Ilaisaane," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Toakase aliona mgongo wa baba yake ukitetemeka. Akangoja furaha ije. Alikuwa amelililia jina hili, ameliiba, amelidanganyia, na sasa amelipata, tena mbele ya kanisa zima, tena kutoka mdomo wenye haki nalo. Furaha haikuja. Alikuwa anamtazama Luseane, aliyekuwa amefunga midomo kama mtu anayemeza dawa chungu na hataki watu wajue ni chungu, huku kidole chake kimoja kimeshikwa na ngumi ya mtoto.

"Na jina la pili?" mchungaji akauliza.

"Hakuna. Ni hilo tu."

Mchungaji akatia mkono majini. Toakase akasimama.

Mwanamke wa kulia akamvuta gauni. Wa kushoto akamfinya. Mama hasemi hapo. Hakuna mama aliyewahi kusema hapo mbele ya shangazi. Toakase alijua, akaendelea kusimama.

"Latai," akasema. "Latai Ilaisaane. La kwanza Latai."

Siutiti akaufunika mdomo wake wa tarumbeta kwa kitabu cha nyimbo. Mzee Fatai aligeuka kwenye benchi akamtazama bintiye, na Toakase akastahimili kutazamwa. Luseane aligeuka taratibu, mtoto kifuani. Waliangaliana yeye na wifi yake, na Toakase hakuinamisha macho, ingawa ilimpasa.

Luseane akamrudia mchungaji.

"Mbona umesimama na maji mkononi? Andika kama nilivyosema."

"Mama, ulisema..."

"Nilisema Latai Ilaisaane. Huna masikio?"

Mchungaji, ambaye naye alikuwa na mashangazi, akaandika. Kisha maji yakamgusa mtoto kwenye paji la uso, akapiga ukelele uliojaza kanisa.

"Nyamaza, Latai," shangazi yake akasema. "Latai. Nyamaza, Latai." Na aliendelea kuliita hata baada ya mtoto kunyamaza.